Gunia la Visu Vilivyorudi

Sidi mwanangu,

Mamako yuko jikoni anakukaangia mihogo ya njiani, na kila akipita hapa dirishani anatupia jicho karatasi hii kuona nimefika wapi. Mambo ya safari atakwambia yeye. Atakwambia uchukue sweta kwa sababu Thika kuna baridi, uangalie begi lako, upige simu ukifika. Hayo namwachia. Mimi na wewe tangu siku ile ya Sinyori hatujasemezana zaidi ya shikamoo na marahaba, na marahaba yangu imekuwa ya mdomoni tu, unajua. Sasa kesho asubuhi unaondoka kwenda kwenye karakana ya watu kutengeneza visu vya wapishi wa mahoteli, na mimi ulimi wangu haujafunguka. Kwa hiyo naandika.

Naanza na hasira kwa sababu ndiyo iliyo karibu. Bado nimekukasirikia. Mamako anasema nimesamehe ila sijui kusema. Si kweli. Nikikusikia unacheka uani moyo unanipanda, nikikusikia umenyamaza unanipanda vilevile. Lakini hasira hiyo ina kitu kingine ndani yake, na mpaka nikieleze hicho, barua hii haitakuwa na maana.

Unajua kwamba nilijifunza uhunzi Mambrui kwa Mzee Shee. Nimekusimulia mara nyingi, nikijisifu. Kile ambacho sikukusimulia ni namna nilivyoondoka. Mzee Shee alikuwa na utaratibu wake: kwanza moto, kisha nyundo, na mwisho kabisa kumaliza, yaani tupa, msasa, jiwe, mafuta na kitambaa. Kwenye moto na nyundo nilikuwa hodari, na mwenyewe alikiri mbele ya watu. Kwenye kumaliza akanikalisha. Nasugua kisu mpaka ncha za vidole zinakuwa laini, nampelekea, anakigeuza kwenye mwanga mara moja tu, anakiweka chini. "Rudi." Hasemi kosa liko wapi. Nasugua tena, napeleka tena. "Rudi." Nikachoka. Nilikuwa na mchumba, nilikuwa na haraka, na nikajiambia kwamba jembe halihitaji kung'aa, jembe hung'arishwa na udongo. Nikarudi kwetu Ganda bila hata kuaga vizuri. Wakati ule sikuona kama ni kosa. Nilijiona mwerevu.

Basi nikafua majembe na mapanga, tukala, tukajenga. Kisha yakaja majembe ya dukani, mepesi, yamepakwa rangi, na watu wale wale niliokuwa nikiwanolea bure wakapita hapa mlangoni nayo begani wakinisalimia kwa furaha. Mwaka huo huo babuyo akafariki. Alikuwa mgema maisha yake yote, na kitu cha pekee alichoniachia ni kotama yake, kile kisu chake cha kugemea chenye shingo iliyopinda, alichokuwa akipanda nacho minazini alfajiri na jioni. Mzee Shee ndiye aliyemfulia, kabla mimi sijazaliwa. Nikaichomeka kwenye makuti ya paa, chumvi ya hewa na moshi vikaishika, ikala kutu.

Ndipo alipokuja Sinyori. Wewe umemkuta amekuwa mtu wa nyumbani, lakini siku ile alikuwa mgeni tu, Mtaliano mwenye ndevu aliyehamia Malindi, anayezunguka vijijini akiuliza visu vya zamani. Nilimtandikia mkeka nikampangia visu vyangu vipya. Akavitazama kwa adabu, namna mtu anavyotazama watoto wa mwenzake. Halafu akainua macho akaiona kotama ya babuyo. Aliichukua kwa mikono miwili. Hakugusa hata makali kujua kama inakata. Aligusa kutu.

Niliiuza. Alinipa pesa ambazo majembe yasingenipa msimu mzima. Mamako alikuwa na mimba yako, amekaa pale mlangoni anapepeta mchele, akaniuliza swali moja tu: "Umeuza mkono wa babako?" Nikamwambia mkono wa babangu uko kaburini, hiki ni chuma. Naye akaendelea kupepeta.

Baada ya hapo nilikaa na wazo moja siku nyingi. Kama kutu ina bei kuliko makali, kwa nini nisiuze kutu?

Mengine unayajua kwa sababu uliyaona kwa macho yako. Chuma cha springi ya lori, nakifua kwa moto wa vifuu, nakipiga tupa harakaharaka, nakipaka ndimu na chumvi, nakizika kwenye matope ya mikoko mpaka kitoke kimeliwa mashimomashimo. Mpini nautoa kwenye mchi mkuukuu, kwa sababu mchi uliotwanga miaka mingi una rangi ambayo huwezi kuidanganya. Mamako alipoteza michi miwili mizuri akadhani ni majirani, na majirani wakanuniwa bila kosa. Kisha kisu kinaning'inizwa juu ya meko kipate kula moshi. Nikimpelekea Sinyori, nina hadithi yake tayari. Hadithi niliyoipenda ni ya bibi mmoja mjane wa Mambrui, mumewe alikuwa na sanduku la visu vya mababu, naye anauza kimoja kimoja kwa shida. Sinyori alimhurumia sana bibi yule. Siku moja akaniomba nimpeleke akamsalimu, ampe na kanga. Ikabidi nimuue. Nikamwambia tumemzika wiki iliyopita, na Sinyori, mtu mzima, akatoa kitambaa akafuta macho. Mimi nami nikafuta. Nililia kwa ajili ya mtu niliyemtunga mwenyewe, na machozi yalitoka kweli.

Cheka ukitaka. Hata mimi nilicheka njia nzima kurudi nyumbani.

Lakini sikiliza hili, maana hukulijua. Kila nilipompelekea kisu, Sinyori alikishika kwenye mwanga akasema, "Kazungu, wazee wenu walikuwa mafundi." Nami najibu, "Walikuwa." Kiko kisu changu, jasho langu, alama ya nyundo yangu, nami nimesimama hapo kama mchukuzi, sifa zinanipita kichwani zinakwenda kwa wafu. Mwanzoni iliniuma kidogo. Baadaye ikanitafuna. Nikirudi nyumbani nafua kizuri zaidi, kwa uchungu, ili anisifu zaidi, naye anawasifu wao zaidi. Babuyo alikuwa akichukia sana akisikia watu wakisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. "Mbona hawasemi mhunzi?" alikuwa akiuliza. Angekuwapo ningemwambia waweke na mhunzi, lakini mhunzi huyu hakusifiwa hata siku moja, na maji akatia vilevile.

Wewe ulikuwa ukivuta mivukuto tangu mikono yako haijatosha kuishika. Uliniuliza siku moja, umevaa sare ya shule, "Baba, kwa nini unakiharibu?" Nikakujibu sikiharibu, nakikomaza. Ukakubali, au nilidhani umekubali. Kisha ukaenda chuo cha ufundi kule Kilifi, na ukarudi na ile tabia ya kupiga alama yako kwenye kila ulichokitengeneza. Kiherufi kile kidogo. Ulikipiga kwenye bawaba za mlango, ukakipiga kwenye koleo, ukakipiga hata kwenye jino la mbuzi ya mamako ya kukunia nazi. Tulikutania sana. Mimi nilikuwa nakutania kwa sauti kubwa kuliko wote, na ukitoka nilikuwa nachukua ile mbuzi naitazama.

Sasa tuje kwenye siku ile. Sinyori amekaa hapo kibarazani, mamako amemletea madafu, nimetoa lile jambia ambalo nililitolea roho yangu. Nikakwambia umpelekee, ukampa mkononi. Mamako mpaka leo anasema ugomvi wote ulianzia hapo, kwamba tangu utotoni amekukataza kumpa mtu kisu mkono kwa mkono, kiwekwe chini mwenzako aokote, msije mkagombana. Ingekuwa rahisi kama ni hivyo. Sinyori akaligeuzageuza, akauliza, "Hili la lini, Kazungu?" Nikasema, "La babu wa babu yangu." Nawe ukasema, hukupandisha hata sauti:

"Si kweli. Baba ndiye aliyelifua, msimu wa embe uliopita. Mimi ndiye niliyekuwa navuta mivukuto."

Nakumbuka dafu la Sinyori lilikuwa halijafika mdomoni. Alinitazama. Mimi nikakutazama wewe. Wewe ulikuwa unamtazama yeye, na uso wako haukuwa wa mtu anayemshitaki mwizi. Ulikuwa na majivuno. Ulitaka ajue kwamba ni mimi.

Akaliweka jambia chini polepole. "Kazi ni nzuri," akasema. "Lakini mimi sinunui kazi. Nanunua umri." Kisha akauliza neno moja tu, "Na vile vya ukutani kwangu?"  Akaenda garini kwake na fimbo yake.

Niliyokwambia baada ya gari kuondoka unayajua, na mamako aliyasikia, na jirani aliyasikia. Nilikwambia utoke mbele yangu. Nilikwambia huna baba. Nilimwambia hivyo mtu mwenye jina la mamangu mzazi, mtu ambaye tangu azaliwe namwita mama. Mchelea mwana kulia hulia yeye, nilipiga kelele, kama kwamba nilikudekeza sana ndiyo maana nimelia. Uongo mtupu. Na hiki ndicho kile kitu kingine kilichomo ndani ya hasira: uliposema "Baba ndiye aliyelifua," kabla aibu haijafika, kabla hofu haijafika, nilifurahi. Furaha ilinipanda mpaka masikio yakawa moto. Tangu niondoke Mambrui hakuna aliyewahi kusema jina langu mbele ya kisu kizuri. Ulinipa kitu nilichokitamani nusu ya maisha yangu, na nikakufukuza kwa sababu hiyo.

Laiti mambo yangeishia hapo, ningekuomba radhi na ungeondoka na baba fundi.

Wiki ile uliyokwenda kwa shangazi yako Kilifi, dereva wa Sinyori alikuja na gunia. Akaliweka chini, akasema ameagizwa alilete, basi. Hapakuwa na ujumbe. Hakudai kurudishiwa chochote, na laiti angedai, ningepata la kujitetea. Nikalimwaga gunia kwenye mkeka. Vyote vilikuwamo, Sidi. Visu vyangu vyote vya miaka yote hiyo, vimefungwa pamoja kwa kamba ya katani kama kuni. Mamako alisimama akavitazama, akaokota kimoja, akausugua mpini kwa kidole gumba. "Huu ni mchi wangu," akasema. Akaondoka nao.

Mimi nikachukua msasa. Nilijiambia, sawa, kama umri wa kubuni hautakiwi, nitavirudisha vipya, watu waone Kazungu alikuwa nani. Yale maneno yako yalikuwa yananiimbia kichwani: Baba ndiye aliyelifua. Nikaanza na kisu kirefu nilichokuwa nakiona bora. Nikakwangua, nikasugua, kutu ikatoka. Chini yake nikaona mikwaruzo ya tupa, imepita huku na huku kama kuku wamechakura. Mgongo umepinda. Upande mmoja wa makali mnene kuliko mwenzake. Nikasema hiki kilikuwa cha siku ya haraka. Nikachukua cha pili. Nikachukua cha tatu. Nilisugua tangu asubuhi mpaka mamako akaniletea chakula nikakiacha kikapoa. Hakuna kimoja kilichokuwa kimemalizwa. Hakuna. Nilikuwa nimesahau kwa nini nilikuwa napiga tupa harakaharaka: kwa sababu nilijua matope yatafunika. Kutu ilikuwa inanisamehe kila kosa, na mtu anayesamehewa kila siku haendi kujifunza. Mzee Shee aliniambia rudi, nami nikatafuta mahali ambapo hakuna anayesema rudi.

Halafu nikashika kimoja, nimeshachoka, sikukitazama hata umbo. Nikasugua. Kutu ikatoka na chini yake chuma kikawa laini, kimoja, kimetulia, bila mkwaruzo. Mstari wa makali umekwenda sawa kutoka shingoni mpaka nchani.  Nikasema, kiko! Kimoja kipo! Nikakipangusa mafuta, nikakigeuza kwenye mwanga, na ndipo nilipoona shingo iliyopinda.

Ilikuwa kotama ya babuyo. Sinyori aliirudisha pamoja na vingine. Alikuwa hawezi tena kuamini kwamba hata hiyo ni ya kweli, na sina haki ya kumlaumu, kwa maana mimi mwenyewe niliishika mkononi nikaisugua mpaka ikang'aa nisiitambue. Nilichokitambua ni uzuri wake tu, nikadhani ni wangu. Sasa inang'aa. Ile kutu ya kweli, jasho la babuyo na chumvi ya miaka yake, niliikwangua mwenyewe nikaipuliza chini. Mtu yeyote akiiona leo atasema imefuliwa jana.

Nililia siku ile, na safari hii hapakuwa na bibi wa Mambrui.

Nakwambia haya yote kwa nini? Si kwamba unihurumie. Naona siku ile ulitoka mbele yangu kichwa juu ukiamini baba yako ni fundi mkubwa aliyefichwa na uongo, na kwamba uongo ukiondoka fundi atabaki. Niliamini hivyo pia. Kisu kikagusa mfupa nikaona sivyo. Uongo haukuficha ufundi wangu, uliula. Huko Thika watakuwekea kisu mezani na watakwambia urudi. Watakwambia leo, watakwambia kesho, na huenda anayekwambia akawa mdogo kuliko wewe au hajui kukueleza kosa liko wapi. Utachukia. Una hasira zangu, nakujua. Chukia, lakini rudi ukasugue.

Wiki hizi ulizosikia nyundo nyuma ya nyumba ukadhani nimerudia yale yale, nilikuwa nakufulia kisu. Kisu kipya, cha jikoni, kisicho na babu. Nimekianza upya mara nyingi sana. Moto ni mzuri, nyundo ni nzuri. Kumaliza, mama, siwezi. Nilikisugua mpaka macho yakaniuma na bado ukikiinamisha utaona mikwaruzo karibu na mpini, na mgongo umekwenda upande kidogo. Juzi nilikishika nikajikuta natafuta ndimu. Mkono ulikuwa umeshakwenda kwenye kapu. Nikaurudisha.

Hakina alama. Nilichukua patasi nikapige jina, nikakuta sijui nipige nini, sijawahi kuwa na alama.

Nimeviweka viwili kizingitini, chini, mamako asije akasema. Kimoja ni kotama ya babuyo na kingine ni hicho changu. Sikupi mkononi. Maneno nilikupa mkono kwa mkono, uliona yalivyofanya. Okota kimoja. Kama unataka cha kukufundisha, chukua kotama, maana ndani yake kuna kila kitu Mzee Shee alichokuwa akiniambia nirudie. Ukiwa na akili utachukua hiyo, na sitakulaumu, mimi mwenyewe ningechukua hiyo.

Sitakuja kukusindikiza barabarani. Nitakuwa nyuma ya nyumba kwenye kinoo, nanoa. Ukipita mlangoni utasikia kinoo kimenyamaza, ujue nangoja lango lifungwe ndipo nije nione umeniachia kipi.

Ni mimi babako,
Kazungu